Askari Kanzu wa Damu

Watu wa darubini walipotaka kutueleza damu zetu wenyewe, walikosea neno moja tu, na neno hilo nililitengeneza mimi. Nasema mapema ili nisiambiwe baadaye kuwa najisifu. Najisifu tangu mwanzo. Darasa langu lilikuwa chuo cha Kurani na jiko la mamangu, basi, na bado madaktari walikitumia Kiswahili changu.

Zilikuwa zama za vile vita vya pili vya Wazungu. Nilikuwa mkaza mwana katika Mji wa Kale wa Mombasa, na nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, msichana wa miezi minane, mnene kama andazi. Mwenye kauli nyumbani alikuwa mavyaa wangu. Mume wangu, mwanamume mzima, fundi wa kushona kanzu, mbele ya mamake haongezi wala hapunguzi. Mama akisema chai ina chumvi, yeye huinywa na kuitikia, kweli, ina chumvi.

Ikaingia habari kuwa ndui imeonekana Majengo. Ndui, si surua. Nyuso zenye mashimo tulizijua, na aliyepofuka kwa ndui hakuwa mbali na mlango wa mtu. Serikali ikatangaza watoto wachanjwe. Watu wakasema ng'o. Nani ampeleke mwanawe mzima akakwaruzwe mkono na kutiwa ugonjwa kwa makusudi?

Ndipo watu wa darubini wakashauriana. Walikuwa watatu, kazi yao kutwa kuchungulia damu za watu kwenye kioo: daktari Mzungu, Mgiriama mmoja mwenye sauti ya pipa tupu, na Mhindi Mwislamu aliyekaa mkabala nasi. Mke wa huyo Mhindi alikuwa shoga yangu. Kichochoro chetu kilikuwa chembamba, tukizungumza dirisha kwa dirisha bila kupaza sauti. Akaniambia mumewe na wenzake wamejitolea bure, wakitoka kazini, kuigiza kwa sauti jinsi mwili unavyojilinda. Wao ndio watakaokuwa damu, na wao ndio watakaokuwa ugonjwa.

"Damu ina sauti?" nikamuuliza.

"Itakuwa na sauti ya bwana wangu. Jana amenguruma msalani mpaka nikadhani ameteleza."

Siku ya kwanza wakaja baada ya alasiri na gari lenye tarumbeta kubwa la bati juu ya kichwa chake. Halikuweza kupenya vichochoroni, wakalisimamisha penye upana. Wanaume wakatoka kutazama, sisi wanawake tukasikiliza madirishani. Mavyaa alikuwa na ungo wake, achambua mchele.

Tarumbeta likakohoa. Kisha ikatoka sauti ya yule Mzungu, na Kiswahili chake cha kambini: "Sisi askari weupe! Sisi nakaa ndani ya damu yako! Sisi nakula adui! Nakula! Nakula!"

Ungo ukaanguka, mchele ukatapakaa sakafuni.

"Yarabi stara!" mavyaa akasema. "Wameshika bandari, wameshika Ngome, sasa wataka kupiga kambi ndani ya damu ya mjukuu wangu? Na humo wanakula nini? Mumiani hao!"

Mumiani ni wale wanyonya damu tuliotishwa nao tangu utotoni, na hakosi katika hadithi zao Mzungu na gari lake. Na leo Mzungu yuko, gari liko, na damu imetajwa kwa tarumbeta. Madirisha ya mtaa mzima yakafungwa, ta ta ta, kama bisi kikaangoni.

"Mama, lakini ndui..." nikaanza.

"Ndui ni ya Mungu. Hao askari ni wa nani? Mtoto huyu hatoki. Na ukimtoa, usirudi naye hapa, wala usirudi wewe."

Mume wangu akatazama sindano yake.

Siku ya tatu tukasikia mtoto ameshikwa na ndui mtaa wa nyuma yetu. Mwendo wa kumaliza tende moja mdomoni. Kila nikimwogesha mwanangu namgeuza mbele na nyuma kutafuta kipele. Nikaenda dirishani nikamwita shoga yangu, sikumsalimu hata.

"Muulize mumeo. Hao askari ni weupe wa namna gani?"

Mumewe alikuwa ndani, nikamsikia akijibu kwa Kihindi chao. Shoga yangu akanifasiria: "Weupe kama tui la pili. Maji maji tu. Kila mtu anao, hata wewe, hata mavyaa wako. Huzunguka kimya kimya humo ndani, na mwizi wakishamwona sura mara moja, hawamsahau. Chanjo ni kuwaonyesha sura, kwa ndui ya ng'ombe isiyoua."

"Kimya kimya? Hawana sare?"

"Sare ya nini?"

"Basi si askari weupe hao! Hao ni askari kanzu!"

Ikiwa hukuijua Mombasa ya wakati ule, nikueleze. Askari kanzu ni polisi asiyevaa sare. Huenda sokoni na kanzu yake na kofia kama baba wa mtu, ananunua ndizi, kumbe amtazama mwizi. Tulimwogopa, lakini tulimjua. Alikuwa wetu. Tena kanzu ni nyeupe, weupe wao haukupotea.

Shoga yangu akacheka mpaka akashika ukingo wa dirisha. "Haya, na Mzungu wetu awe nani? Akinyimwa kusema atanuna."

"Mpe ndui. Sauti anayo."

Wiki haikuisha, gari likarudi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini mbao za madirisha yetu zina nafasi, na masikio yalikuwa nyuma yake. Kwanza akasikika yule Mgiriama: "Mmoo! Mimi ndui ya ng'ombe. Ndugu yangu mkubwa ni muuaji, mimi mnyonge tu, nimepotea njia, mmoo!" Watoto wakaangua kicheko. Mhindi wetu akamdaka: "Simama! Sisi askari kanzu wa damu. Hebu geuza uso tukutazame vizuri." Wakamtazama, wakamfukuza, naye akaenda zake akilia kama ndama.

Halafu Mzungu, kwa upole wa kinafiki: "Hodi! Hodi mwenyeji! Mimi mugeni tu!"

"Mgeni wa wapi?"

"Mimi nauza samaki!"

Dirisha letu likafunguka. Aliyelifungua si mimi. Mavyaa alikuwa ametoa kichwa na nusu ya kifua, mtandio umemwanguka mabegani.

"Mwongo huyo!" akapiga kelele. "Msimwamini! Ndugu yake yule wa ng'ombe, sikiza sauti!"

"Mshikeni!" akaitikia mwanamke mwingine upande wa pili.

"Tunakujua!" Mhindi akanguruma. "Sura ile ile, madoa yale yale!" Zikasikika bati zikigongwa, na Mzungu akilia uongo wake, na mtaa mzima ukipiga vigelegele kama harusini.

Nikangoja mavyaa arudishe mtandio. "Mama, sasa nimpeleke mtoto?"

"Nani amekwambia utampeleka wewe? Lete buibui langu."

Akatangulia yeye, mtoto kiunoni, mimi nyuma. Kule kwa wachanjaji akatoa mkono wake mkavu kwanza, akachanjwa bila kukunja uso, kisha akamshika mjukuu wake huku akimwambia mchanjaji, "Taratibu, we, hilo si jiwe la kunolea."

Baada ya siku kadhaa mkono wa mtoto ukafura, ukawa mwekundu, na homa ikampanda. Nikaanza kulia mimi kabla yake. Majirani wakaja, kila mmoja na lake: mpake mafuta ya nazi, mfukize udi, si tuliwaambia. Mavyaa akawanyamazisha kwa kiganja. Akainama, akatia sikio lake juu ya kile kidonda, akakaa hivyo kitambo, mtoto amemshika pua.

"Kuna nini, mama?" nikamuuliza.

"Nyamazeni," akasema. "Wanamhoji."