Fundi Aliyepunguza Chuma

Kovu la Kiraka lilianzia kwenye nyusi ya kushoto likapanda hadi ndani ya nywele, pana kama kidole, na ndilo lililompa jina. Alilipata akiwa na miaka kumi na minne, katika karakana ya baba yake, siku aliyofunga boliti kinyume. Kaka yake hakumwambia kwamba amekosea. Aliokota kipande cha springi kilichokuwa miguuni pake, akampiga nacho usoni, halafu akaifunga ile boliti mwenyewe huku mdogo wake akichuruzika damu juu ya vumbi la chuma. Baba aliangalia akasema, "Basi, kesho hatakosea," akarudi kwenye tanuri.

Ndivyo kazi ilivyofundishwa katika nyumba ile. Baba alimpiga mkubwa, mkubwa akampiga mdogo, na mdogo, kwa kuwa hakuwa na wa kumpiga, akakipiga chuma. Kwa hiyo wote watatu walikuwa mafundi hodari. Malori yalitoka mbali kuja kutengenezwa springi pale: yale mabapa marefu ya chuma yaliyopinda kama upinde, yakapangwa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja chini ya gari. Fungu la mabapa kama hilo si kitu cha mchezo. Ukilifungua bila kulibana kwanza kwa kibano, linafumuka kama mtego, na linachochukua halirudishi.

Lilimchukua baba. Bapa liliruka likampiga chini ya kidevu, akafa kabla hajafikishwa mlangoni. Walikuwepo watoto wake wawili tu, na kila mmoja alisema kukaza kibano ilikuwa kazi ya mwenzake. Siku ya mazishi, udongo haujakauka, walikamatana palepale kaburini. Kaka alimvunja Kiraka mfupa wa bega. Kiraka alimng'ata kaka ndewe ya sikio, akaitema. Wajomba waliwatenganisha kwa fimbo, kisha wakagawa mali: mkubwa abaki na karakana, mdogo apewe kiwanja cha ng'ambo ya barabara.

Wajomba walidhani wamemaliza ugomvi, kumbe wamewaweka uso kwa uso. Kwa miaka kumi na mmoja ndugu hao walifanya kazi wakitazamana, kati yao barabara ya hatua kumi na mbili. Mkubwa walimwita Tingatinga, kwa sababu akianza kwenda hageuki. Hawakusalimiana. Likiwapo la lazima lilipitia kwa wake zao: "Shemeji, mwambie huyo mwenzako lori lake linaziba mlango wangu." Na Kiraka mwenyewe hakuwa malaika. Aliwahi kumtupa dereva mmoja ndani ya pipa la mafuta machafu kwa neno moja tu, na mwaka aliovunja mlango wa chumbani kwa teke, mkewe alichukua watoto akarudi kwao wiki mbili. Alipokwenda kuwaomba warudi, mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, mikono yako inafika kabla yako."  Kiraka alijua ni kweli.

Gari lile lilifika asubuhi ya siku ya soko, likipiga kelele kama kabati la vyombo linaloburutwa ngazini. Lilikuwa gari la kuishi, kuukuu, nyumba nzima imejengwa juu ya fremu ya lori dogo: kitanda nyuma, jiko ubavuni, tangi la maji, madirisha yenye mapazia. Kwanza liliingia kwa Tingatinga. Mwenye gari alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mkunga mstaafu, mfupi, mwenye mikono mipana. Mumewe alikuwa mpima ardhi aliyeharibika uti wa mgongo. Walikuwa wakizunguka kuwaona watoto wao, kila mmoja na mji wake. Kosa la gari lilikuwa moja: kila shimo lilimfikia mzee kitandani kama teke.

Tingatinga alisikiliza nusu. Kwake dawa ya chuma ilikuwa chuma. Aliongeza mabapa mawili kila upande, akakaza, akajaza upepo kwenye matairi mpaka yakalia kama ngoma. Baada ya siku nne mama alirudi. Vikombe vyote vilikuwa vimevunjika, na mzee alikuwa ameng'ata kitambaa mpaka ufizi ukatoka damu.

"Mama," alisema Tingatinga, bila kuinuka kwenye kigoda, "hili ni gari, si machela. Kama mzee hawezi, mwache nyumbani."

"Nyumbani ndipo hapa," mama alimjibu akionyesha gari. Akawasha, akavuka barabara, akasimama kwa Kiraka.

Kiraka hakugusa spana siku ile. Alimwomba mzee apishe kitanda, akajilaza yeye, akamwambia mama aendeshe. Walipopita kwenye reli aliruka akagonga dari. Walipopita penye mashimo ya kituo cha mafuta, meno yake yaligongana mpaka akaonja damu.  Walipeleka gari kwenye mizani ya malori katika ghala la nafaka, akapima kila gurudumu peke yake. Halafu akaingia chini na tochi.

"Mama, gari hili halina springi," alisema akitoka. "Lina matofali. Mabapa yameshikana kwa kutu, hayatelezi tena, yamekuwa kipande kimoja. Juu yake kaka yangu ameongeza mengine. Shokapu zimekufa, mafuta yamevuja zamani, kwa hiyo likiruka hakuna wa kulizuia. Raba za kwenye maungio zimekuwa kama maganda. Na tangi la maji liko nyuma kabisa, linarusha mkia wa gari."

"Unaweza?"

"Siongezi kitu. Napunguza."

Kazi ilichukua siku tatu. Alibana mafungu kwa vibano viwili viwili, kila kimoja akikijaribu kwa mkono mara tatu, maana hakuna siku aliyofungua springi asimwone baba yake. Akatoa mabapa manne ya kaka, akayatupa kwenye lundo la vyuma chakavu pale getini. Yaliyobaki aliyasugua kwa brashi ya waya mpaka yakang'aa, akayapaka grisi nyeusi, akaweka vipande vyembamba vya plastiki kwenye ncha ili yateleze. Akabadilisha raba. Akahamisha tangi mbele ya ekseli. Akapunguza upepo kufuata uzito alioupima. Siku ya tatu mchana, gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yamesharudishwa, ilibaki shokapu moja tu ya kulia.

Kosa la Kiraka lilikuwa lile lundo la getini. Mabapa manne mapya yalilala pale juu, yanang'aa, na mtaa mzima unajua yametoka wapi. Muuza chai alimpigia Tingatinga kelele ng'ambo: "Bwana mkubwa, naona chakula chako kimetapikwa!" Watu wakacheka.

Tingatinga aliweka kikombe chini. Akachukua mpini wa jeki, akavuka.

"Toka huko chini."

"Nina kazi," Kiraka alijibu kutoka chini ya gari.

"Umeanika vyuma vyangu barabarani. Unataka watu waseme sijui kazi?"

"Wanasema wenyewe. Mimi nimetoa tu."

"Baba alikufa kwa uzembe wako, leo unanifundisha mimi springi?"

Kiraka alicheka. Baadaye alisema hakujua kwa nini alicheka. Tingatinga aliinua mguu akapiga jeki teke. Jeki ikachomoka, gari likaanguka juu ya matairi yake, na springi zile laini zikazama chini sana kabla ya kupanda. Fremu ilimbana Kiraka kifuani. Alisikia mbavu mbili zikivunjika, ta, ta, kama vijiti vikavu. Kisha gari likainuka lenyewe, likamwachia. Lingekuwa bado na chuma cha kaka lisingezama hivyo. Lakini ulaini uleule ndio uliolirudisha juu, akapata pa kutambaa.

Alitokea upande wa pili, anakohoa damu, akanyoosha mkono kwenye lundo. Bapa lililomjia mkononi lilikuwa mojawapo ya yale manne. Tingatinga alirusha mpini, ukampata begani, haukumzuia. Kiraka alizungusha lile bapa kwa mikono miwili, chini, kama mtu anayefyeka majani. Lilimpata kaka chini ya goti. Mlio ule watu wa mtaa bado wanausimulia. Tingatinga alikaa chini ghafla, akautazama mguu wake, mfupa mweupe umetoboa suruali, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa tu.

Kiraka aliliinua bapa tena. Safari hii macho yake yalilenga kichwa cha kaka.

"Nipige mimi kwanza." Mkunga alikuwa amesimama katikati yao, utosi wake ukifika kifuani kwa Kiraka. Hakupaza sauti. "Mimi niko karibu. Anza hapa."

Kiraka alibaki na chuma juu. Aliona mikono yake kama ya mtu mwingine. Watu wa kwenye chai walikuwa wamesimama, hakuna aliyesogea. Kisha mbavu zilimkata pumzi, bapa likamponyoka likaanguka nyuma yake.

"Sasa mshike kichwa," mama alisema. "Haraka. Anavuja."

Alikata suruali kwa kisu cha jikoni, akafunga paja kwa mkanda wa mumewe, akauwekea mguu mbao mbili za rafu. Hakukuwa na gari jingine mtaani lenye mahali pa kumlaza mtu. Mpima ardhi aliteremka kwenye kitanda chake, akajikongoja mpaka kiti cha mbele. Wakampandisha Tingatinga. Kiraka alikaa sakafuni, mkono mmoja umeshika mbavu zake, mwingine umeshika mguu wa kaka usicheze. Mama akaondoa gari, shokapu moja ikining'inia haijafungwa.

Njia ya hospitali ilikuwa ile ile aliyoijaribu Kiraka: reli, mashimo ya kituo cha mafuta, matuta matano mfululizo shuleni. Walipokaribia reli, Tingatinga alifumba macho akakamata ukingo wa kitanda. Alijua kinachokuja, yeye ndiye aliyelikaza gari lile. Gari lilipanda, likashuka, likatulia. Vikombe vipya kabatini vilitikisika kidogo tu. Akafumbua macho.

Walipita mashimo. Hakulia. Walipomaliza matuta, jasho linamtiririka, alisema kwa sauti ndogo, "Umetoa mangapi?"

"Mawili mawili. Yale yako."

"Katikati umeweka nini?"

"Grisi. Na plastiki kwenye ncha."

Kwenye kona ya hospitali Tingatinga alisema tena.

"Baba hakutufundisha hiyo."

"Hakutufundisha."

"Nikipona nitakuua."

"Haya," alisema Kiraka, mguu wa kaka mkononi.

Askari walikuja wodini kesho yake. Waliwakuta ndugu wawili kwenye vitanda viwili vinavyofuatana. Tingatinga aliwaambia gari lilimwangukia. Walimuuliza na mdogo wake je. Akasema lilimwangukia naye pia, gari kubwa. Kiraka hakushukuru. Alijua kaka hakumwokoa. Kaka alikuwa amekataa tu mtu mwingine amwadhibu mdogo wake.

Mkunga alikuja kuaga siku ya nne. Ile shokapu alikwishaifunga mwenyewe, amelala chini ya gari na spana. Alisema mzee sasa analala safarini, mdomo wazi kama mtoto. Kiraka alinyoosha mkono. Mama aliutazama, hakuushika.

"Gari umelitengeneza," alisema. "Kuhusu wewe sijui. Nilikuona uso wako pale." Akaondoka.

Maneno hayo yalimuuma kuliko mbavu. Aliyabeba nyumbani, akamweleza mkewe yote, hata lile la kichwa, ambalo angeweza kulificha. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo ungemuua." Haikuwa swali. Kiraka alisema ndiyo. Usiku ule watoto walilala chumbani kwa mama yao, na kwa muda mrefu hakuna aliyecheka pale nyumbani.

Mguu wa Tingatinga uliunga vibaya, ukawa mfupi kwa inchi moja. Mwezi wa tano tangu avunjike alitoka nje na gongo, akavuka barabara polepole, hatua kumi na mbili zikawa ishirini. Kiraka alikuwa amechuchumaa anafungua gurudumu la lori mbele ya wateja. Alimwona akija. Angeweza kusimama. Tingatinga aliinua gongo akampiga nalo mdomoni, mara moja, kwa nguvu zake zote, mpaka mwenyewe akaanguka kwa kukosa pa kuegemea.

 Muuza chai aliondoa kabisa vikombe mezani. Kiraka alitema meno mawili kwenye kiganja, akainuka. Spana ndefu ya gurudumu ilikuwa mkononi mwake. Aliiangalia, akaiweka juu ya tairi. Akainama akamshika kaka yake kwapani, akamsimamisha, akampa gongo lake. Tingatinga alimsukuma, akageuka, akarudi ng'ambo. Kiraka alisukutua mdomo kwa maji ya kwenye ndoo, maji yakawa mekundu, akamwambia mwenye lori asogee kidogo, anamzibia mwanga.