Mdogo Wangu Januarius na Seva Aliyoogopa Kuiacha

Simu ya wifi yangu Violeth ilinikuta kwenye jumuiya, tukiwa katikati ya rozari nyumbani kwa jirani yangu hapa Bariadi. Nilitoka nje kuipokea. Alikuwa hospitalini Mwanza, na hakulia. Alisema, "Wifi, Januarius ametutoka asubuhi hii. Figo zimegoma kabisa." Nilirudi ndani nikakaa. Wenzangu waliendelea na Salamu Maria mpaka walipoona siitikii.

Januarius alinifuata ziwa. Alisomea kompyuta, akaajiriwa na mnunuzi binafsi wa pamba, enzi zile wanunuzi wamejaa kila kijiji wakigombania wakulima. Kazi yake ilikuwa kuangalia seva, yaani kompyuta ya kukodi iliyoko nchi ya mbali, ambayo wao waliifikia kwa intaneti tu. Vituo vya mizani vya Lalago, Mwamapalala na Migato vilituma humo majina ya wakulima na kilo zao. Msimu mmoja kabla yeye hajaajiriwa kumbukumbu hizo zilipotea, na watu waliopeleka pamba yao wakaambiwa hawajulikani. Baba yetu, mzee Mashimba, alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo Januarius aliapa kwamba mikononi mwake halitatokea tena.

Kila jioni alinakili kumbukumbu zote mwenyewe. Iwe Pasaka, iwe msiba, alinakili. Miguu ilipoanza kuvimba na daktari akamwambia aende Mwanza akatibiwe kwa muda mrefu, alijibu kwamba atakwenda akishaipanga seva ijinakili yenyewe.

Akaipanga. Kila alfajiri seva ilitengeneza nakala, ikaipeleka kwenye seva nyingine, ikamtumia ujumbe kwamba kazi imekamilika.

"Mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma, maana ndivyo alivyoniita, "ni kama ng'ombe wa baba. Zizi moja likiingiwa na ugonjwa, wengine wako kwa watu."

Baba hakuweka ng'ombe wake wote nyumbani. Wengine walitunzwa na jamaa Migato, wenye zizi wakinywa maziwa. Tulipokwenda Lalago kumuaga, Januarius alimweleza habari ya seva kwa mfano huohuo. Baba akasikiliza.

"Na hao ng'ombe wako umekwenda kuwaona?"

"Naletewa ujumbe, baba. Kila siku."

"Mimi mtu wa Migato akisema ng'ombe amekufa, analeta ngozi. Akisema wazima, nakwenda nawaona. Wewe unapelekewa salamu tu."

Tulicheka, lakini Januarius hakucheka. Tuliporudi mjini alifungua nakala ya siku ile, akaikuta tupu. Akafungua ya jana, nayo tupu. Neno la siri lilikuwa limebadilishwa ofisini, programu ikashindwa kuzisoma kumbukumbu, ila iliendelea kutengeneza faili tupu na kutuma ujumbe wake.

Hitilafu aliirekebisha siku ileile. Imani ndiyo haikurudi. Akawa ananakili mwenyewe kama zamani, na juu ya hapo anafungua kila nakala ya seva kuikagua. Bosi wake Bundala alimpa ruhusa: "Nenda, kijana, ila simu iwe wazi." Nauli alikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi. Hakuondoka.

"Unangoja nini?" nilimuuliza.

"Msimu uishe."

"Hata viatu havikuingii sasa."

"Nitavaa ndala. Mwanza hawakatazi ndala."

Nilimwambia tusali. Tukasali pamoja, na kabla sijamaliza ishara ya msalaba alikuwa ameshaishika simu. Nilikasirika, kisha nikamwonea huruma. Alikuwa akiwaona wakulima wote wamesimama mbele ya mizani, na yeye hana la kuwajibu.

Mwishowe alipata njia. Aliiamuru ile seva ya pili ifungue nakala yenyewe kila alfajiri, na imtumie jina la mkulima wa mwisho aliyepima na kituo chake. Asubuhi ya kwanza lilikuja jina la Shija, wa Mwamapalala. Akapiga simu kituoni.

"Jana mlifunga mizani na nani?"

"Na Shija. Alitaka kutulaza hapa huyo."

Januarius alikata simu, akamwambia Violeth afungashe. Uso ulikuwa umeshavimba. Madaktari wa Mwanza walimwambia mkewe kwamba amechelewa. Mungu sijamuuliza kwa nini. Ninamwomba ampumzishe tu, maana kwetu hakupumzika.

Tulimzika Jumamosi nyumbani Lalago, kando ya kaburi la mama. Padre aliongoza ibada na kunyunyizia jeneza maji ya baraka. Violeth alitupa udongo, kisha baba, kisha mimi. Wanaume wakafukia kwa zamu, sisi tukiimba. Kaburi lilipojaa tukasimika msalaba wenye jina lake, padre akatoa baraka ya mwisho, watu wakanawa mikono.