Rili ya Shaba Mikononi mwa Mama Mkwe

Kusafisha rili za zamani, vile vigurudumu vya kuzungushia uzi wa ndoano, ni kazi ninayoijua, na sioni haya kujisifu. Mafuta ya taa, mswaki uliochakaa, kitambaa cha pamba, basi. Kutu ya kijani naiondoa. Weusi wa shaba nauacha, maana huo ndio umri wake, na anayetaka niukwangue nitamwonyesha mlango.

Mama mmoja wa Hurlingham aliniletea rili ya marehemu baba yake. Ukingoni palikuwa na sehemu iliyolika, pale kidole gumba cha mzee kilipozoea kukaa.

"Safisha yote, lakini hapo usiguse," aliniambia. "Ndiyo kitu imebaki ya mkono wake."

Nikamwahidi.

Jumamosi aliyokuwa aje kuichukua, nilitoka kidogo kununua mafuta ya taa. Niliporudi nyumbani Riruta, nilimkuta mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka magharibi, ameketi kwenye kiti changu cha kazi. Ameshika waya wa kusugulia sufuria, na jivu la jiko liko kando. Kwao sufuria isiyong'aa ni aibu ya nyumba, naye alikuwa ameamua kuniondolea aibu. Upande mmoja wa rili ulikuwa tayari unameremeta, na waya ulikuwa unaelekea ukingoni.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Lakini kwetu mwanamume hamkemei mama mkwe, hamsogelei, wala hampokonyi kitu mkononi. Nilibaki mlangoni, nikampigia simu mke wangu aliyekuwa sokoni Kangemi.

"Ambia mama aache hiyo kitu!"

"Si uko hapo? Mwambie."

"Nimwambie aje? Ni mama mkwe!"

Akaangua kicheko, kisha akampigia mama yake. Mama mkwe aliweka waya chini ili apokee.

"Kumbe ni ya marehemu?" akamwuliza binti yake, kana kwamba mimi sipo.

Akaiacha rili mezani, akachukua waya wake, akaingia jikoni bila kunitazama. Nilikimbia kuangalia. Alama ya kidole ilikuwa imeponea chupuchupu.

Mteja alipofika sikumficha chochote. Aliigeuza rili, upande mweusi, upande unaong'aa, tena na tena. Nilijua nitatukanwa na nilijua ni haki yangu. Machozi yakamtoka, halafu akacheka.

"Mama yangu aliomba kuisugua hii kitu maisha yake yote. Baba alikataa katakata. Sasa kila mtu ako na upande wake. Wacha ikae hivyo."

Mama mkwe alikuwa akisikiliza. Akachungulia kutoka jikoni, waya mkononi.

"Basi huo mwingine nimalizie?"

"Hapana, mama," nikamjibu, mimi mwenyewe, bila simu.