Ufunguo wa Chumba cha Historia

Usiku kucha Doreen alikaa kwenye ukumbi wa kikosi cha akiba cha jeshi la anga, akingoja habari za ndege iliyopoteza mawasiliano ikiwa na bintiye Colleen ndani yake, dereva wa basi la shule siku za kazi, fundi wa ndege wikendi. Usiku kucha mtunza historia wa kikosi hakutulia. Alipita akinyoosha fremu ukutani, akilamba dole gumba, akifuta vioo kwa ncha ya tai, akinong'ona majina ya marubani wa zamani kama anayeita watoto waje kula. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa dawa ya kung'arishia shaba. Doreen alizichukia. Kila kundi lilipigwa picha kabla ya kuruka, na picha ikakaa ukumbini mpaka wenyewe warudi waishushe. Wasiporudi, mzee huyu ndiye aliyeihamishia kwenye chumba cha historia. Kulipopambazuka, akaishusha ya akina Colleen.

"Unaipeleka wapi?"

"Naifuta vumbi tu, mama."

"Vumbi gani, na picha ni ya juzi? Na huo ufunguo ni wa kufutia?"

Mzee akautazama ufunguo kana kwamba umebandikwa mkononi mwake. "Mikono imezoea," akasema.

"Basi ifundishe adabu. Simu haijalia. Irudishe, mwenyewe atakuja kuishusha."

Doreen akaegemea mlango wa chumba cha historia kwa mgongo wote. Mzee akaitundika picha. Ilikaa upande, naye hakuinyoosha. Akatia ufunguo mfukoni, akaketi, na mlango ukabaki umefungwa.