Kabla ya Kununua, Mwite Mtani

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, kisha nashusha pumzi. Ni siku niliyompeleka mzee mmoja akalitukane gari ambalo moyo wangu ulikuwa umekwisha kulinunua.

Najua wazee wakisimulia makosa yao huanzia enzi walipokuwa na meno yote. Mimi kosa langu la ujana nililifanya nikiwa mwanamke wa miaka sitini. Usicheke. Ujana ni kama malaria, unadhani umepona kumbe imejificha tu, inasubiri uchoke.

Nilikuwa nimestaafu ualimu hapa Tabora, na kiinua mgongo kilikuwa kimeingia. Mama yangu alikuwa Igalula, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, na hakutaka kusikia habari ya kuhamia mjini. Alikuwa na sukari, na mguuni alikuwa na kidonda kilichogoma kufunga. Goti la mguu huohuo lilikuwa halikunjiki tangu alipoanguka kisimani miaka mingi nyuma. Kila baada ya wiki mbili alitakiwa kuletwa kliniki mjini, na usafiri wenyewe ulikuwa wa kubahatisha: mara lori la mahindi, mara gari la padri wa jirani, mara hakuna kabisa. Daktari aliniambia bila kuzungukazunguka, "Mwalimu, mama akiendelea kukosa kliniki, huu mguu tutaupoteza."

Basi nikaamua kununua gari la mama. Nasema la mama, maana hilo ndilo nililolisahau mara tu nilipokanyaga yadi.

Yadi ilikuwa ya kijana anayeitwa Nassor, wa ukoo wa Kiarabu uliofanya biashara mjini hapa tangu babu zake. Nilimfundisha hesabu kidato cha pili. Aliniamkia shikamoo, akaniwekea kiti kivulini, akaanza kunionyesha magari ya maana: marefu, yenye milango mipana, yaliyokwisha kuona dunia. Mimi nikawa naitikia tu. Jicho langu lilikuwa limekwama pembeni, kwenye gari moja dogo la kifahari, rangi ya maziwa, limeinuka kidogo kuliko teksi, mgongo wake umeteremka nyuma kama wa mbuni aliyechuchumaa.

"Lile ni haibridi, Mwalimu," Nassor akasema. "Lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukiwa mjini unakwenda kwa umeme, mafuta unayasahau."

Akaliwasha. Sikusikia kitu. Nikamwambia aliwashe, akacheka, akasema limekwisha kuwaka. Viti vya ngozi, kioo kipana mbele kinachokuonyesha njia, harufu ya upya ingawa lilikuwa limetumika Japani. Mwanangu, nilijiona Jumapili nashuka kwenye uwanja wa kanisa letu la Moraviani, wanakwaya wamegeuza shingo. Kipya kinyemi, wahenga walisema, na wakamalizia: ingawa kidonda. Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu.

Sikuwa mjinga kabisa. Niliuliza umri wa betri, nikasoma kwenye simu mpaka macho yakauma, nikawaonyesha watu picha. Na hapa ndipo penye shimo. Watu wa kwetu wana adabu. Ukimwonyesha mtu kitu chako kipya hakitafutii kasoro, atasema hongera. Walimu wenzangu walisema hongera. Mchungaji alisema hongera, akaongeza na sala fupi. Hata fundi aliyeikagua injini alisema, "Kitu safi, Mwalimu, hongera." Nilirudi nyumbani nimejaa sifa kama mgema wa methali, na tembo langu lilikwisha kuingia maji.

Siku ya kliniki nilimpitisha mama pale yadi. Nassor alifungua mlango wa nyuma, mama akakaa kinyumenyume ukingoni mwa kiti, taratibu sana, mguu ukiwa nje, akishika mlango kwa mikono miwili. Nikamuuliza mbele ya Nassor na vijana wake, "Mama, unalionaje gari lako?"

"Zuri, mwanangu," akasema. "Zuri sana. Mungu akubariki."

Niliona jasho kwenye paji lake la uso. Nikaliona, nikalitafsiri kuwa furaha.

Sasa nikutajie mzee niliyemsema mwanzo. Anaitwa Mzee Pazi, Mzaramo, fundi wa magari aliyezeekea Tabora spana mkononi. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani wetu si wa jana. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani kwa miguu, miezi na miezi, na kule mwisho wa njia waliwakuta babu zake. Wakagombana, wakazikana, wakaoana, wakaishia kutukanana kwa mapenzi. Kwa hiyo Mzee Pazi ana ruhusa isiyo ya mtu mwingine. Siku ya msiba wa baba alivaa koti la marehemu, akakaa kwenye kiti chake na kudai ugali, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Mtani akikusema hukasiriki, na ukikasirika umevunja mila.

Nilikwenda gerejini kwake Ijumaa. Kusema kweli sikwenda kutafuta ushauri, nilikwenda kupewa hongera ya mwisho. Nikamwonyesha picha. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Hili nani atapanda?"

"Mama."

"Mama yupi, yule mwenye mguu kama mchi? Au umepata mwingine?" Akanirudishia simu. "Mimi siangalii gari bila abiria wake. Kaliombe kesho, siku nzima, twende nalo Igalula. Na mimi nakuja, nimeitamani michembe ya mama yako, viazi vile vya kukausha."

Nassor hakusita, akanipa ufunguo Jumamosi asubuhi. "Nenda nalo tu, Mwalimu, lakini urudi nalo," akasema, na hiyo nayo ilinipa moyo.

Mjini gari liliteleza kama maji, nami nikawa namtazama Mzee Pazi kwa jicho la ushindi. Lami ilipokwisha, mambo yakabadilika. Njia ilikuwa imechimbwa na mvua, na gari lile kimo chake ni cha mji. Mara mbili tumbo lilikwaruza tuta la katikati. Kila likikwaruza, Mzee Pazi alilipa pole gari, mimi hakunipa. Tukasimama njiani, akataka kuona tairi la akiba. Tukafunua buti, tukafunua na zulia lake, tukakuta kijipampu na chupa ya dawa ya kuziba pancha.

"Sasa tairi likichanika na jiwe, utalipaka dawa?" akauliza. Kisha akainama kwenye kiti cha nyuma, akanionyesha kitundu chenye wavu. "Hapa ndipo betri kubwa inapovutia hewa ya kujipoza. Pakijaa vumbi au ukipabana na gunia, inachemka. Nawe ukitoka Igalula unarudi na nini?"

Mwanangu, mimi nikitoka Igalula narudi na magunia ya karanga, wala hakuna asiyejua. Lakini bado nilikuwa nalitetea moyoni. Vumbi linafutwa, nikajiambia, na tairi linanunuliwa.

Mama alitupokea barazani, amejifunga khanga yake nzuri. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akamgeukia mgeni kwa salamu ya kikwetu, "Mwangaluka, we Mzaramo! Nani kakufungulia?" Wakaanza. Tulikula michembe kwa chai, ndipo Mzee Pazi akasema twende tumzungushe bibi kijiji kizima kwenye gari lake la kifalme.

Mama alisogea mlangoni. Akageuka, akaingiza mwili kwanza, kichwa kikagonga ukingo wa paa. Mguu ukabaki nje. Akaubeba kwa mikono miwili, ukakwama kati ya kiti cha mbele na nguzo ya mlango. Nikasema tujaribu mbele. Tukasukuma kiti mpaka mwisho, mguu ukaingia, lakini kiti chenyewe kilikuwa chini na kimezama, na kumtoa ilibidi tumvute watu wawili. Muda wote huo alikuwa anatabasamu. "Zuri, mwanangu," alisema. "Nitazoea."

Mzee Pazi akamsimamia mbele, mikono kiunoni.

"Aibu gani hii? Mnyamwezi mzima! Babu zako walibeba pembe za tembo mabegani mpaka kwetu pwani, wewe leo unashindwa kubebwa? Ingia humo, usitutie hasara!"

Mama akawaka. "Toka hapa, mla nazi we! Babu zangu walibeba, hawakukunjwa! Hili ni gari au ni jeneza? Kichwa linagonga, mguu linabana, nikikaa sinyanyuki! Mwenye kuninunulia hili ananitakia nini mimi?"

Kisha akasikia alichokisema. Akafunika mdomo kwa khanga, akanitazama.

Nikamuuliza polepole, "Mama, mbona siku ile ulisema zuri?"

"Uliniuliza mbele ya watu, mwanangu, na macho yako yanang'aa hivyo. Ningesemaje?"

"Na ungeendaje kliniki?"

Akaanza kupanga pindo la khanga. "Nilikuwa nimekwisha kuamua," akasema. "Ningekwambia mguu umepona."

Mwanangu, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi na gauni langu la safari, nikalia. Mama alidhani ameniumiza, akawa ananiomba radhi. Hakujua ninalia kwa sababu nimeponea chupuchupu. Mama yangu alikuwa tayari kuoza mguu kimyakimya ili asiiharibu furaha yangu, na mimi ningekuwa naendesha gari lake mjini, nikiwaambia watu nimemnunulia mama. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na mimi maiti wangu nilikuwa nimemziba mdomo kwa hongera.

Mzee Pazi aliniacha nilie nikamaliza. Kisha akasema, "Haya, mpagazi, inuka. Mzigo hujaununua bado." Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo, hujaununua bado.

Nilirudisha ufunguo jioni ileile, nimejiandaa kuonwa mswahili. Nassor alinisikiliza, akacheka mpaka akashika ubavu aliposikia la jeneza. "Afadhali urudi leo nalo, Mwalimu, kuliko urudi mwakani unanichukia," akasema. Akanirudisha kwenye yale marefu niliyoyadharau. Nikachukua moja la zamani, la mlango wa kuvuta pembeni, kiti cha kimo cha kitanda, tairi la akiba limening'inia nyuma. Linanguruma, linakunywa mafuta, na kanisani hakuna aliyegeuza shingo. Mama hulipanda kwa hatua moja, ananyoosha mguu wake, anaanza kunipangia mwendo. Hakukosa kliniki masika yale yote, na kabla karanga hazijang'olewa kidonda kilikuwa kimefunga.

Nisilisingizie lile dogo, halikuwa na kosa. Lilinunuliwa na daktari mmoja anayeishi hatua chache kutoka kazini. Hulipita la kwangu mjini kimya kimya, safi, na mwenyewe anasema kituo cha mafuta wamemsahau. Kwake limefika kwao. Ningelinunua mimi, tungeteseka wote watatu: mimi, mama na gari.

Nasikia nawe sasa unatembelea yadi, na picha ulizonitumia nimeziona. Nimejizuia kukuandikia hongera, na hiyo ndiyo heshima yangu kwako. Kabla hujatoa pesa, lichukue gari siku nzima ulipitishe kwenye njia yako mbaya kuliko zote, si kwenye lami ya muuzaji. Lipakie unavyopakia, magunia na watoto na mgonjwa wako. Tafuta tairi la akiba kwa mikono yako, uliza betri inapumulia wapi. Na yule unayesema unamnunulia, usimuulize mbele ya watu, wala usimuulize macho yako yakiwa yanang'aa, kwa maana anayekupenda atakudanganya. Mtazame anavyoingia na anavyotoka. Na kama bado hujui, mtafute mtani, mtu mwenye ruhusa ya kukucheka, umpe chai, umwache aseme mpaka amalize.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe kipato cha halali na safari zenye kurudi. Wazazi wako wakuone ukiwa na mvi. Na zaidi ya yote, asikunyime watu wasiokuogopa.