Nilisugua Mpira Wangu Katikati ya Mchezo

Nimekosa, na sitasingizia mtu. Mkono uliosugua ulikuwa wangu. Lakini ni nani aliyeuweka msasa kwenye kiganja hiki, hilo nalo nitalisema.

Mimi ni msichana wa Kabiria na napenda bolingi, ule mchezo wa kuvingirisha mpira mzito uangushe pini, kupita kiasi. Mpira wangu ulikuwa mkaidi. Uliteleza moja kwa moja karibu njia yote, kisha mwishoni ukakata kona ghafla, kama mtu aliyeitwa jina. Leo uliangusha pini zote, kesho uliacha mbili pembeni zikinicheka.

Kioko wa Kangemi ndiye aliyenifunza mchezo. Ndiye aliyenishauri mashimo ya vidole yazibwe, yatobolewe upya mahali pengine, ili mpira usigeuke kwa hasira. Ukali ulipungua, ila ngozi ya mpira, uso wake wa nje, bado iling'aa mno. Ilihitaji kukwaruzwa kidogo, mpira ushike sakafu mapema na kupinda polepole. Nikaahirisha. Uvivu wangu!

Jumamosi ile, kwenye ukumbi mmoja kule Karen, mimi na Kioko tuliwania nafasi ya mwisho katika timu ya kwenda Kampala. Tulipofika katikati ya mchezo nilikuwa nyuma yake kwa pointi. Nikamlalamikia mpira, kama nilivyozoea. Akanitilia kipande cha msasa mkononi.

"Enda choo uisugue kidogo, siz. Nani atakucheki?"

Kila mchezaji anajua kwamba mchezo ukishaanza, ngozi ya mpira haiguswi kwa msasa. Nilijua! Nikamwambia huo ni wizi. Akacheka, akasema naogopa kama mtoto wa pasta. Nikaenda.

Jamani, mpira ulirudi mwingine! Ulichora upinde laini, mtiifu, ukaingia katikati ya pini kama unaingia kwake. Nikampita Kioko. Nilipogeuka nimpe tano, alikuwa ameshainua mkono kumwita mwamuzi.

Mwamuzi alipitisha kidole juu ya mpira, akaniuliza kama nimeusugua. Nikakubali. Nikasema pia ni nani aliyenipa msasa. Kioko akanitazama machoni.

"Mimi? Hapana. Sijui ameutoa wapi."

Hakupandisha hata sauti.

Nikaondolewa, yeye akaenda Kampala. Mama yake bado hunipigia simu kuuliza mbona siku hizi siji kula muthokoi, yale mahindi yake ya kukobolewa. Namwambia kazi zimenibana. Nitamwambia nini kingine?

Wewe unayesoma, mpira wako ukikusumbua, umalizane nao siku za mazoezi. Na mtu akikusukuma ufanye jambo ambalo yeye mwenyewe halifanyi, muulize kwanza kwa nini halifanyi.

Mimi sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumshinda mtu niliyemwita ndugu.