Soksi Isiyokauka

Jinzi mpya ikiloana hunuka chuma na udongo kwa pamoja. Wiki iliyopita nilinyeshewa nikitoka kazini, nikavua suruali yangu mlangoni, na harufu ile ikanipeleka moja kwa moja Xintang, pembeni ya Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye ua uliojaa marobota ya jinzi, na Mama amesimama mlangoni akiitazama mbingu kwa jicho baya.

Nilikuwa na umri wa miaka minane na mvua sikuijua vizuri. Nilizaliwa Dubai, ambako Baba alikuwa akinunua bidhaa na kuzipeleka Dar es Salaam. Mvua ya kule jangwani ilikuwa sikukuu. Ikidondoka, shule inafungwa, watu wazima wanatoka na magari kwenda kutazama madimbwi, kisha jua linayanywa yote kana kwamba hapakutokea kitu. Nyinyi mliolelewa na masika mtanicheka, lakini niliwahi kumuuliza mwalimu wa madrasa kwa nini peponi tumeahidiwa mito tu, mvua je? Aliniambia nikae chini.

Basi Baba akaamua kuzifuata bidhaa zinakotoka. Tulipanga vyumba viwili juu ya karakana ya kushonea jinzi, mali ya mama mmoja wa Kichina ambaye sote tulimwita Laoban, yaani bosi. Baba na Mama walikuwa wamekubaliana: mzigo wa kwanza ukifika salama, tunabaki wote, ukiharibika, mimi na Mama tunarudi kwa bibi Dar, na Baba anaendelea peke yake. Kwa hiyo Mama hakuyafungua masanduku yetu. Yalikaa nyuma ya mlango, tukawa tunachomoa nguo moja moja kama abiria. Kila nilipolala yalikuwa kitu cha mwisho nilichokiona, na niliyachukia.

Jinzi ziliposhonwa na kufungwa marobota, Baba aliyapanga uani bila turubai. Laoban akaonyesha mbingu, akaonyesha marobota, akasema maneno mengi kwa haraka. Baba alimwitikia kwa adabu, asifanye lolote. Dubai mzigo ulilala nje mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuuonea huruma.

"Baba Zuhra, dalili ya mvua ni mawingu," Mama alisema.

Baba akamjibu kuwa methali hiyo waliitunga watu wa masika. Alikokaa yeye, dalili ya mvua ilikuwa kulowa.

Mchana ule ule mbingu iligeuka rangi ya bilinganya. Taa za karakana zikawashwa. Upepo ukaingia kichochoroni na mabeseni, kamba za nguo, na kiti cha plastiki kilichopita mbele yangu kikitembea kwa miguu yake yote minne. Kisha radi ikapiga, nikaisikia mpaka kwenye meno, na mvua ikaja. Haikunyesha, ilimwagwa. Nilipiga kelele za furaha nikakimbilia nje. Baba, Laoban na mafundi walikuwa wakiburura marobota kuyaingiza ndani, wakiteleza na kugongana, na Baba alipoanguka na robota likamkalia kifuani, yeye mwenyewe alicheka. Rangi ya jinzi ikaanza kutoka. Maji ya uani yakawa ya buluu, yakavuka kizingiti, yakashuka kichochoroni kama mto wa wino, nami katikati nikirukaruka, miguu buluu hadi magotini. Hakuna aliyenikemea. Niliona hiyo ndiyo siku bora kuliko zote nilizowahi kuishi.

Jioni Laoban alieleza, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, kwamba jinzi hufuliwa hata hivyo kabla ya kuuzwa. Maji si adui. Adui ni kuzifunga mbichi, kwa sababu baharini zitaota ukungu. Zipelekwe kwenye mashine za kukaushia, lakini huko kulikuwa na foleni, na meli haingesubiri. Baba akasema zitakauka zenyewe. Dubai kanzu hukauka kabla hujamaliza chai. Tukazitandaza ngazini, madirishani na juu ya vitanda, tukapita chini yake tumeinama. Mama alinyamaza, na Mama akinyamaza hata birika huchemka polepole.

Mvua ikawa inarudi kila alasiri. Mimi nilikuwa na soksi yangu ya shule dirishani, niliyoifua kabla ya dhoruba ya kwanza, na kila asubuhi niliigusa. Nilikuwa nikiamini nguo hukauka tu, kama kucha zinavyokua. Ile haikukauka, nami nikataka kujua kwa nini.

Kontena lilipokaribia kuja, Baba alisema jinzi zimekauka, zikafungwa tena marobota. Siku lilipokuja, robota la kwanza limeshapakiwa, nilishuka na soksi.

"Baba, hii niliifua kabla ya mvua."

Aliichukua, akaiminya, akaiweka shavuni.

"Ndani ya kontena kuna jua?" nikamuuliza.

Mafundi walisimama na robota mikononi. Baba aliitazama tena soksi, akacheka, akamwashiria dereva wa kontena robota lishushwe, aende zake. "Mama Zuhra," akasema, "mwanao kanishinda."

Mama alipanda juu, akafungua masanduku, akatundika nguo zetu zote. Nilimfuata nikimkumbusha kuwa mzigo haujafika Dar, haujapanda hata meli, na makubaliano ni makubaliano. Aliniambia nimpe hanga. Miaka mingi nilidhani alikosea masharti. Siku hizi naona kwamba Mama hakuwa akiusubiri mzigo. Alisubiri kuona kama mtu aliyeijua Dubai nzima anaweza kukubali kwamba Guangzhou haijui.

Mzigo ulipitishwa kwenye mashine za kukaushia, ukaenda na meli nyingine, ukafika mkavu, nasi tukabaki. Nami nikakua nikijivunia soksi ile, ushahidi wangu wa kwanza kwamba kuuliza kuna faida.

Wiki iliyopita, suruali ikichuruzika mlangoni, nilimpigia Baba simu nimkumbushe nilivyomshinda.

"Soksi ile?" akasema. "Niliigusa alfajiri, kabla hujaamka."

Nikamuuliza kwa nini basi aliwaacha mafundi waanze kupakia.

"Nilikuwa nakungoja ushuke."